Mtoto wa miaka minne kavunjika mkono: yaliyotusaidia sisi

Dada, pole sana, na mfikishie pole kijana. Nimekuelewa hivi: ana miaka minne, kaanguka akicheza, mfupa wa mkono umevunjika chini ya kiwiko, juzi kafungwa P.O.P (hogo, lile gamba gumu la kuushikilia mfupa), na tangu hapo usiku halali, mchana habanduki kwako, hataki mtu ausogelee mkono wake. Unauliza kama ni kawaida na ufanyeje. Binti yangu alivunjika mkono akiwa na umri unaokaribiana na huo, ndiyo maana naandika kirefu. Mimi si daktari. Ya kitabibu nitakayoyagusa ni yale tuliyoelekezwa wakati ule, na ukimuuliza daktari wenu atakwambia hayo hayo.

Kabla ya kufikiria kumbembeleza, hakikisha kilio chake si cha hogo kubana. Siku mbili tatu za mwanzo mkono huvimba, na hogo halitanuki. Kwa hiyo mkono ukae juu, usawa wa moyo au zaidi, kwa mito, muda mwingi iwezekanavyo, awe amekaa au amelala. Angalia vidole vyake mara kwa mara, hata akiwa usingizini: viwe na joto kama vya mkono mwingine na rangi yake ya kawaida. Bonyeza kucha ipauke kisha iachie; rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mwambie avichezeshe (sisi tulimwambia binti "vidole vinisalimie", na kila mara alivichezesha kwa furaha). Vikiwa baridi, vimepauka au vimekuwa bluu, vimekufa ganzi, hawezi kuvichezesha, au maumivu yanazidi badala ya kupungua ingawa amepata dawa, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kukuche, na usimfungue mwenyewe kwa kisu au mkasi. Mtoto wa umri huu hajui kusema "hogo linanibana", yeye atalia tu. Kwa hiyo kilio kisichotulizika kichukulie kwa uzito hadi umejiridhisha na vidole.

Dawa ya maumivu mpe kwa uzito wake, kama alivyoandikiwa, wala usikadirie kwa kijiko cha nyumbani. Paracetamol ni lazima zipite saa 4 au zaidi kati ya dozi na dozi, na zisizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Soma pia chupa za dawa za mafua mlizonazo, nyingi zina paracetamol ndani na ni rahisi kumzidishia bila kujua. Aspirini hapewi mtoto aliye chini ya miaka 16, isipokuwa daktari ameagiza. Na zile siku za mwanzo usisubiri alie ndipo ukatafute dawa. Ukipanga dozi moja iangukie kabla ya kulala, usiku unakuwa mfupi kwenu wote.

Ikiwa vidole viko salama na dawa anapata, basi sehemu kubwa ya hicho unachokiona ni hofu. Na hapa ndipo nina la kusema, kwa sababu watu wazima tunadhani shida ya mtoto ni maumivu. Maumivu makali kwa kawaida hupungua sana baada ya siku chache. Kinachobaki ni mambo mawili: haelewi nini kimempata, na ghafla hawezi kufanya chochote peke yake.

Siku za mwanzo binti yangu alikuwa mkimya ajabu, hadi usiku mmoja akaniuliza, "Mkono wangu bado umo humo ndani?" Kumbe muda wote alikuwa anaamini wameukata, vikabaki vidole tu vinavyochungulia. Muulize kijana wako anadhani kuna nini ndani ya hogo. Usimpe jibu kwanza, msikilize. Wengine hudhani wataishi na hogo maisha yote. Wengine hudhani wameadhibiwa, hasa kama baada ya kuanguka walisikia "si nilikukataza kupanda?" Kama kuna mtu mzima hapo nyumbani anayerudia hiyo sentensi, mwombe aiache kabisa. Habari ya usalama itakuwa na wakati wake mkono ukishapona.

Halafu mweleze kwa maneno yake. Mfupa umepata ufa, daktari ameunyoosha na kuufungia hogo ili usitikisike, na mwili wake unautengeneza hata akiwa amelala. Kama mna picha ya eksirei mwonyeshe, watoto huipenda kuliko tunavyofikiri. Na usimwongopee kuhusu maumivu. Kama kuna kitu kitauma, mwambie kitauma kidogo kisha kitaisha. Neno "haiumi hata kidogo" linakusaidia mara moja tu. Safari inayofuata ya kliniki utambeba akipiga mayowe tangu mlangoni, na atakuwa na haki.

Mwache asimulie alivyoanguka hata mara ishirini kwa siku. Utachoka wewe, ila yeye ndivyo anavyolitoa moyoni. Mtafutie mwanasesere au mnyama wa kuchezea, mkamfunge bandeji mkono uleule, kisha yeye awe daktari. Utashangaa atakayoyasema. Binti yetu alikuwa anamfokea mdoli wake "usilie, nimekwambia usilie!" na hapo ndipo tukajua nini kilisemwa chumba cha matibabu sisi tukiwa tumetolewa nje.

Kurudi utoto ni kawaida sana: kukojoa kitandani, kutaka kulishwa, kutaka kubebwa, kuongea kitoto. Mwachie kwa siku kadhaa bila kumcheka wala kumlinganisha na wenzake. Ila hasira ya kupiga watu uikatae mapema na kwa upole, maana hogo ni rungu. Mdogo wake akipigwa nalo kichwani mtarudi hospitali na mgonjwa wa pili.

Jambo lililobadilisha hali kwetu ni kumrudishia mamlaka. Mtoto aliyevunjika mkono anavuliwa, anavishwa, anaogeshwa, analishwa, ananyanyuliwa, na hakuna anayemuuliza. Anza kumuuliza vitu vidogo ambavyo majibu yote mawili unayaweza: shati hili au lile? Mto uwe upande huu au ule? Anywe dawa akiwa amekaa kwako au kitini? Usimuulize "unataka kunywa dawa?", hilo si swali. Mpe na kazi ya kweli ya mkono mmoja, kama kukabidhi vibanio vya nguo, kuzima taa, kupanga vijiko mezani. Bakuli lake liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze, ale mwenyewe hata akimwaga. Kaptura ziwe za mpira kiunoni aweze kwenda chooni bila kuomba msaada. Kuvaa, mkono mbovu unaingia wa kwanza. Kuvua, unatoka wa mwisho. Nguo za mikono mipana au zisizo na mikono zitakuokoa na vilio vingi vya asubuhi.

Kuoga ni mtihani. Hogo la jasi likilowa linalainika na kazi yake imeisha. Lile la faiba kwa nje halidhuriki na maji, lakini pamba iliyo ndani ikilowa inabaki na unyevu na kuchubua ngozi, labda kama mliambiwa waziwazi kwamba lenu ni la aina inayoruhusiwa kulowa. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri juu ya hogo, na bado mkono ubaki nje ya beseni, kwa sababu mifuko huvuja. Likilowa kweli, piga simu au rudi mlikofungwa.

Muwasho utakuja, na mimi naona unachosha kuliko maumivu. Atatafuta penseli, kijiti, kijiko, chochote cha kupenyeza ndani. Usiruhusu, kwani ngozi ikichubuka humo hakuna wa kuiona hadi ioze. Poda nayo usimwage. Tulichofanya sisi ni kugonga-gonga hogo kwa nje, kupuliza hewa baridi kwa mashine ya kukaushia nywele (baridi, si ya moto), na kumpeleka haraka kwenye mchezo mwingine. Mchanga mwepushe nao kabisa kwa kipindi hiki, chembe zikiingia hazitoki. Pia kagua mdomo wa hogo kila jioni na umuulize bila ukali kama kuna kitu kimetumbukia. Watoto huweka hazina zao humo. Harufu mbaya, majimaji yanayotoka, au homa bila sababu ni vya kupeleka kwa daktari.

Usiku, kile kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni kivuliwe, kinaweza kumkaba. Mkono juu ya mto, na mto mwingine ubavuni asiulalie. Kama anaamka akilia, mara nyingi ni kwamba amegeuka na uzito wa hogo umemshtua. Sisi tulilala naye chumba kimoja kipindi hicho na sikusikiliza aliyesema tutamharibu.

Kuhusu wageni nitakuwa mkali kidogo. Wanakuja na nia njema, wanakaa mbele ya mtoto na kuanza: maskini, jamani, mkono wenyewe ndio huu, fulani wake ulipinda moja kwa moja. Mtoto anasikia yote. Wapokee mlangoni, waombe wamuulize habari za mdoli, za kitabu, za chochote kingine. Wakitaka kulichora hogo mwacheni yeye achague nani achore nini. Na kama ana ndugu, wape sehemu yao, maana wiki nzima ya zawadi kwa mmoja huzaa vita.

Siku ya kulitoa hogo, ambayo kwa umri huu mara nyingi huwa kati ya wiki 3 na 6 kutegemea alivyovunjika, ndiyo itakayomtisha kuliko zote kama hajaandaliwa. Ule msumeno una kelele kubwa na unaonekana utamkata. Ukweli ni kwamba ncha yake haizunguki, inatetemeka tu kwenda na kurudi, ndiyo maana unakata kitu kigumu na ngozi laini inatikisika nao bila kukatika. Unaweza kuleta joto kidogo. Akisema panachoma, mwambie fundi asimame apoze. Mwigizieni nyumbani hiyo sauti, mcheke, na siku hiyo mzibe masikio. Mwambie pia atakachokikuta: mkono mwembamba, ngozi kavu inayobanduka, pengine na vinyweleo zaidi. Binti yetu aliukataa mkono wake, akawa anautembeza ameukunja vilevile kana kwamba hogo bado lipo. Usiuvute, usiukande kwa nguvu, hasa kiwiko. Sponji na beseni la maji ya uvuguvugu vilifanya kazi yote. Alikamua na kumwaga mpaka akasahau kuogopa. Kupanda na kuruka-ruka visubiri wiki kadhaa zaidi, muda kamili mtaambiwa, kwa sababu mfupa mpya unaweza kuvunjika tena palepale. Ukipapasa ukakuta kinundu kidogo, muulize daktari lakini usikeshe nacho: mifupa ya watoto wadogo hujinyoosha sana kadiri wanavyokua.

Ulimalizia kwa kuuliza kuhusu chekechea. Uvimbe ukishuka, akilala usiku bila shida, na daktari akikubali, mrudishe, atafurahi kuliko kukaa na sisi watu wazima. Zungumza na mwalimu uso kwa uso: asipande bembea wala vifaa vya kukwea, hogo lisilowe, asaidiwe chooni kwa faragha, na waangalie vidole. Acha namba yako ya simu kwa mwalimu mwenyewe, usimpe ujumbe mtoto aupeleke.

Kama leo vidole havina shida lakini bado halali kabisa, rudi hapa useme analia saa ngapi na dawa alipewa saa ngapi, tuangalie pamoja.