Jibu kwa Ndugu Zangu wa Makorora Kuhusu Malezi ya Mama

Ndugu zangu wa Makorora, hapo Tanga, wakubwa shikamooni, na wadogo nawasabahi. Nimeisikiliza sauti aliyotuma kaka kwenye kundi la familia, inayosema kuwa huku Uingereza wazazi wakizeeka hutupwa kwenye majumba ya wazee, kwamba sisi hatuna laana hiyo, na kwamba mama yetu, tangu apate kiharusi, yumo mikononi mwa watoto wake. Haukupita muda shangazi naye akauliza kwa nini nisimchukue mama nikaja naye huku, maadamu serikali ya huku inawatunza wazee bure. Maneno haya yanapingana, lakini nitayajibu yote, kwa sababu kazi inayoniweka hapa Leicester ni hiyo hiyo ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, na nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu wasiowahi kuiona.

La shangazi ni fupi. Matibabu ya hospitali ni bure tangu mwaka 1948, lakini kuogeshwa, kulishwa na kubadilishwa nepi hakuhesabiwi kuwa matibabu. Mzee mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na kama alikuwa akiishi peke yake, hata nyumba yake huingizwa katika hesabu hiyo, ndiyo maana nyumba nyingi huuzwa ili mwenyewe alipiwe kitanda ambacho mara nyingi hupita pauni 1,000 kwa wiki. (Uskoti wana utaratibu wao, huo siusemei.) Ama kumleta mama, tangu Julai 2012 sheria inataka uthibitishe kwamba mzazi hawezi shughuli za kila siku bila kusaidiwa, na kwamba msaada huo haupatikani nchini kwake hata kwa fedha zako. Ni nani atakayeamini kuwa Tanga nzima hakuna wa kumwosha mama, ilhali wifi anamwosha kila asubuhi? Wenzangu waliokuja kwa kazi hii baada ya Machi 2024 hawaruhusiwi kuja hata na watoto wao wa kuzaa, sembuse mama. Na yule binti wa shangazi anayeambiwa na wakala kwamba akilipa ataletwa huku kulea wazee, asitoe hata shilingi, kwa kuwa tangu Julai 2025 mlango huo umefungwa kwa watu wapya kutoka nje.

Sasa la kutupwa. Katika nyumba ninayofanyia kazi yumo bibi mmoja ambaye binti yake huja karibu kila jioni, bado amevaa sare ya kazini, akamlisha kijiko kwa kijiko, kisha akamchana nywele. Binti huyo anaishi ghorofani kusiko na lifti, mgongo wake mbovu, na hawezi kumnyanyua mama yake. Nani atathubutu kusema amemtupa? Alikuwapo pia babu ambaye tangu nimjue hakutembelewa na mtu wala kupigiwa simu, na alipofariki waliosimama kaburini walikuwa sisi wafanyakazi. Hilo nalo sitawaficha, kaka, maana katika hilo una haki ya kulaani.

Ila sioni unapata wapi ujasiri wa kusema mama yumo mikononi mwa watoto wake. Watoto wa mama tupo wengi, na mikono inayomshika ni ya wifi, mke wako, ambaye mama hakumzaa. Mtu aliyepooza upande mmoja hulazimika kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo damu haipiti vizuri kwenye makalio, nyonga na visigino, na ngozi huanza kufa. Kwa ngozi yetu nyeusi hamtaona wekundu. Mahali hapo huzidi weusi, na mkipagusa huwa na joto au pagumu. Mkipaona hivyo msisubiri kidonda kifumuke, mpelekeni hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo. Hapa kazi hiyo tunaifanya wawili, tuna shuka maalumu la kumvutia mgonjwa, tuna mashine ya kumnyanyulia, kuna karatasi ya kuandika saa aliyogeuzwa na upande aliolazwa, na zamu yangu ikiisha anaingia mwingine nami nakwenda kulala. Wifi hana zamu. Anamgeuza peke yake, na alfajiri anakaa jikoni kuchoma vitumbua vya kuuza. Juzi nilimwona kwenye simu akimnyanyua mama kwa kumshika makwapani, nikapiga kelele, kwa sababu bega la upande uliopooza huteguka kwa urahisi sana. Tandikeni khanga mbili nzito chini yake, simameni wawili, mmoja huku na mmoja huku, kisha mvute khanga bila kuugusa mkono wake.

Msimpeleke mama popote. Hapo Mwanzange kuna makazi ya wazee ya serikali, lakini yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia jukumu la kwanza na kuyafanya makazi kuwa hatua ya mwisho. Kwa hiyo tusijisifu kwamba hatuwapeleki wazee wetu mahali ambapo kwa kweli hawakuandaliwa nafasi. Hata hivyo, wifi akiniambia kesho kwamba ameshindwa, na ikapatikana nyumba ya kulipia yenye wauguzi wa uhakika, nitalipa, na asinitajie mtu laana. Na bado nasema singependa mama aoshwe na mgeni. Mgeni huyo namjua, kwa kuwa huku ni mimi: naosha vizuri, nasema kwa upole, nafunga mlango ili mzee asitiriwe, na muda wote naangalia saa, maana vyumba vingine vinasubiri.

Fedha ninazotuma zinanunua nepi, dawa za presha na mafuta ya kumpaka, lakini haziwezi kumgeuza mama saa nane za usiku. Kwa hiyo nataka hivi. Kaka ushike usiku wa Jumatatu na Alhamisi, wewe mwenyewe, si kwa kumwamsha mkeo. Ukiona haya kumwosha mama yako, usimwoshe; mgeuze, badilisha shuka, mpe maji, na haya yako ikomee hapo. Dada wa Muheza aje Jumamosi alale hadi Jumapili jioni, nauli nitalipa mimi. Mdogo wetu wa Pongwe ana pikipiki, yeye achukue safari zote za hospitali, na amuulize daktari habari ya mazoezi ya viungo kabla mkono wa mama haujakakamaa. Wifi atalipwa mshahara kila mwezi, kama ninavyolipwa mimi kwa kazi ile ile, na utaingia kwenye simu yake mwenyewe badala ya kupitia kwako. Kiasi gani, kaka, usiniulize.