Mtihani wa kemia: anza na moli

Kwa muda mrefu nilisoma kemia kwa kukariri. Nafunga daftari, najisemea maelezo, nikiyamaliza bila kukwama naona nimeiva. Kisha likaja swali la titresheni (kupima ukolezi wa myeyusho mmoja kwa kuumaliza na mwingine) lenye alama nyingi, na jibu langu likatoka nusu ya lile sahihi. Nilichosahau ni tarakimu moja tu, ile 2 iliyo mbele ya NaOH (haidroksaidi ya sodiamu) kwenye mlinganyo.

Tulitazame. Sentimita za ujazo 25.0 za haidroksaidi ya sodiamu zimemalizana na sentimita za ujazo 20.0 za asidi ya salfuriki yenye ukolezi wa 0.10 mol/dm³. Tafuta ukolezi wa haidroksaidi.

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Gawanya 20.0 kwa 1000 upate 0.020 dm³. Moli (kipimo cha idadi ya chembe) za asidi ni 0.10 × 0.020, yaani 0.0020. Kila moli ya asidi inataka moli mbili za NaOH, kwa hiyo zipo 0.0040. Gawanya kwa 0.0250 na jibu ni 0.16 mol/dm³. Ukiisahau ile 2 unapata 0.080, na ubaya wake ni kwamba namba hiyo haikushtui hata kidogo. Unaendelea na swali linalofuata ukiwa na amani.

Ndiyo maana kila mdogo wangu anayeniomba msaada namwanzishia kwenye moli. Moli ni idadi tu, 6.02 × 10²³ za chembe, kama dazeni ilivyo 12. Ukiielewa hivyo, maswali ya uzito, ya gesi na hata ya elektrolisisi (kutenganisha kemikali kwa umeme) yanafuata njia ileile. Kwenye gesi, angalia swali linazungumzia hali gani: moli moja huchukua karibu 24 dm³ kwenye joto la chumba, lakini ni 22.4 dm³ kwenye 0 °C na kanieneo ya angahewa 1. Na tafadhali andika kila hatua, maana alama za njia huokoa wengi.

Jedwali la elementi halihitaji kukaririwa lote. Zijue 20 za kwanza na mpangilio wa elektroni zake, kisha jiulize kwa nini. Potasiamu ina papara kuliko sodiamu kwa sababu elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na kiini, ni rahisi kuiachia. Halojeni (florini, klorini na wenzao) zinavuta elektroni, hivyo kwao mambo ni kinyume: florini ya juu ndiyo kali zaidi.

Kemia ya kaboni mimi niliiona nyepesi. Shika majina, na ukumbuke kwamba alkini (zenye kifungo maradufu kati ya kaboni) huondoa rangi ya maji ya bromini, alkani (zenye vifungo vya mmoja mmoja tu) haziiondoi gizani.

Kwenye vitendo, chunga maneno. "Angavu" si "isiyo na rangi": myeyusho wa salfeti ya shaba ni angavu, na ni wa buluu. Ioni za zinki na za alumini zote hutoa mashapo (chembe ngumu zinazotokea kwenye myeyusho) meupe yanayoyeyuka haidroksaidi ya sodiamu ikizidi. Kinachozitenganisha ni amonia, kwa kuwa ikizidi huyeyusha yale ya zinki peke yake. Kwa hiyo usimwage amonia yote kwa pupa. Weka tone kwa tone, tikisa, andika ulichoona, kisha izidishe uandike tena.