Fundi, Nisaidie: Gemu inakata katikati, niflashi vBIOS au nihangaike na draiva?

Safari hii barua za laptopu za gemu zimekuja nyingi, nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ina lile kosa ambalo kila mtu analikaribia akishachoka, hata mimi nishalikaribia.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina laptopu ya gemu ina mwaka na nusu, mwanzo ilikuwa haina shida ila tangu niapdeti draiva ya grafiksi nikicheza dakika kumi hivi skrini inakuwa nyeusi, inakaa kidogo inarudi, nakuta gemu ishajifunga na kuna maneno kwamba draiva ya skrini iliacha kujibu ila imerudi. Nimeifuta nikaiweka tena mara tatu, wapi. Juzi nimeingia Device Manager kadi ina alama ya njano na namba 43. Rafiki yangu ana laptopu ya kampuni nyingine ila kadi jina lile lile, anasema yangu vBIOS imezeeka, kanipa faili la kwake niflashi. Nifanye? Naogopa ila nimechoka kweli.
Mchezaji Aliyechoka

JIBU: Usiflashi mdogo wangu, yaani usiiandike upya hiyo programu iliyo kwenye chipu ya kadi. Na hilo faili lifute kabisa lisije likakutamanisha saa nane usiku ukiwa na hasira.

Hivi vitu viwili watu wanavichanganya sana. Draiva ni programu inakaa ndani ya Windows, kazi yake ni kuwa mkalimani kati ya gemu na kadi, ikiharibika unaifuta unaweka nyingine, hamna msiba. vBIOS ni famuwea, yaani programu inayokaa kwenye chipu yenyewe siyo kwenye diski, ndo inaiamsha kadi ukibonyeza pawa kabla Windows haijajua kinachoendelea, humo ndo kumeandikwa spidi za kadi, volteji, mwisho wa wati inazoruhusiwa kula na skrini zimeungwa kupitia njia zipi. Kwenye laptopu nyingi wala haiji peke yake, mtengenezaji anaifunga humo humo ndani ya BIOS, ile famuwea inayoiamsha laptopu nzima.

Sasa hilo neno "kadi jina lile lile" ndo mtego wenyewe. Chukua RTX 4060 ya laptopu, NVIDIA wenyewe, wanaoitengeneza, wanaitaja kuanzia wati 35 mpaka 115, jina moja hilo hilo. Aliyetengeneza laptopu ndo anaamua yake iishie wapi kulingana na feni, mabomba ya joto na chaja aliyoweka, na uamuzi wake umeandikwa kwenye vBIOS. Ukiweka ya rafiki yako unaweza kuiambia kadi yako ile umeme ambao mfumo wako wa kupoza haujawahi kuota, au ikatafuta skrini kwenye njia ambayo kwako haipo ukabaki na weusi. Kompyuta ya mezani ukifanya huo ujinga unachomeka kadi nyingine unaflashi upya maisha yanaendelea, ila laptopu kadi imechomelewa kwenye bodi, hapo ni kufungua, fundi aibane ile chipu na klipu aiandike kwa programa ya nje, tena kama ana nakala ya ile ya mwanzo. Unayo nakala? Nilijua tu.

Turudi kwenye ugonjwa wenyewe. Hiyo skrini kuzima na kurudi ni Windows inajitetea. Tangu enzi za Vista ina mlinzi anayeisubiri kadi, kadi ikipewa kazi na ikakaa sekunde 2 bila kujibu, mlinzi anaua draiva na kuiwasha upya ili kompyuta nzima isigande, ndo maana gemu inakufa ila Windows inabaki. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utaikuta tukio namba 4101, na kama kadi ni ya NVIDIA utaona jina nvlddmkm, hilo ni faili la draiva yao wala usiogope siyo kirusi. Kuna watu watakwambia uingie kwenye rejista, lile ghala la mipangilio ya Windows, uongeze zile sekunde ziwe 10, mi sikushauri, ni kama kuziba king'ora cha moto ili ulale vizuri. Na hiyo namba 43 maana yake kadi imeripoti tatizo Windows ikaamua kuisimamisha, basi, haikwambii kama ni draiva au ni kadi yenyewe inaumwa. Ni malalamiko, siyo jina la ugonjwa.

Umesema umeifuta ukaiweka mara tatu, nakubali, ila naamini uliifuta kwa njia ya kawaida, na njia ya kawaida inaacha mabaki kibao, mafaili, mistari ya rejista, draiva ya zamani imejibanza kwenye ghala la Windows, ukiweka mpya inakaa juu ya makapi yale yale.

Fanya hivi. Kwanza zima kabisa, na ninaposema kuzima simaanishi kile kitufe cha kuzima peke yake maana Windows ikiwa na ile Fast Startup inahifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha hivyo hivyo kilivyo, matatizo yako yanalala na kuamka nayo. Ristati ndo inaanza upya kweli. Ikiwaka, zima, chomoa chaja, shikilia kitufe cha pawa kama nusu dakika, washa. Usinicheke, kuna namba 43 zimeondoka hapo hapo.

Ikigoma, ingia tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, siyo wa kadi, wa laptopu, tafuta modeli yako kamili kama ilivyoandikwa kwenye stika ya chini maana herufi moja ya mwisho inaweza kuwa mashine nyingine kabisa, daunlodi draiva ya grafiksi kubwa pamoja na ya ile grafiksi ndogo iliyo ndani ya prosesa. Daunlodi na DDU, Display Driver Uninstaller, ni ya bure, ichukue kwa wenyewe Wagnardsoft. Vyote viwe kwenye diski tayari, kisha kata intaneti, hapa wengi ndo wanateleza, usipokata Windows itakuwahi na kuweka draiva yake kabla hujakaa sawa. Halafu ingia sefu modi, ile Windows inayowaka na vitu vya lazima tu, endesha DDU, chagua kusafisha na kuristati. Kabla ya kuingia sefu modi hakikisha unaijua paswedi yako halisi siyo PIN peke yake, PIN wakati mwingine huko inakataa, unabaki unaangaliana na skrini. Ukirudi weka kwanza ya grafiksi ndogo, ristati, ndo uweke ya kubwa, ristati tena, ndo urudishe intaneti.

Kwa nini ya mtengenezaji wa laptopu na siyo ile mpya ya wiki hii? Mpya mara nyingi inafaa sana hasa gemu likiwa jipya, ila sasa hivi unatafuta kujua ukweli, na ya mtengenezaji hata kama ni ya zamani imejaribiwa kwenye mashine yako hiyo hiyo. Ikitulia siku mbili tatu, panda kwenye mpya, ikianza tena kukata unajua mchawi ni nani, rudi nyuma ukae hapo hapo mpaka watoe nyingine. Hamna sheria inayosema lazima uwe na ya mwisho. Na kama uliongeza spidi ya kadi au kupunguza volteji kwa programu yoyote, rudisha vyote kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuanza, usije ukapiga ramli kwa kitu ulichokifanya mwenyewe.

Namba 43 ikibaki hata baada ya usafi huo naanza kuitilia shaka kadi. Angalia kama kuna vidoti au mistari ya ajabu nembo inapotokea kabla Windows haijafika, hapo draiva haihusiki maana haijapakiwa bado. Ila kutoiona siyo ushindi, laptopu nyingi hiyo nembo inachorwa na grafiksi ndogo, kubwa bado imelala. Na kama waranti ipo, usiifungue, ipeleke.

Famuwea inakuja hapa mwishoni. Ukirudi kwenye ule ukurasa wa modeli yako ukakuta BIOS au vBIOS mpya, soma maelezo yake, kama yanataja shida inayofanana na yako, weka, kama hayataji mi ningeiacha, kuna watu wanaapdeti BIOS kama wanaapdeti stetasi. Ukiamua kuweka, chaja iwe imechomekwa na betri ina chaji ya kutosha, chomoa skrini ya nje na makorokoro ya USB, funga programu zote. Simamisha BitLocker kwanza, ile kufuli ya Windows inayoficha data za diski, na funguo yake ya tarakimu 48 iwe mahali nje ya hiyo laptopu. Mimi niliwahi kuipuuza hii, nikaapdeti BIOS vizuri kabisa, ikawaka ikaniomba tarakimu 48 na mimi niko mbali na kila kitu, jasho lilinitoka mpaka nikakumbuka ziko kwenye akaunti yangu ya Microsoft, nikazifungulia kwenye simu. Katikati ya kazi skrini inaweza kuwa nyeusi, feni zikapiga kelele, ikaristati zaidi ya mara moja, we kaa mikono mbali. Anayebonyeza pawa hapo ndo anayeua mashine.

Ukimaliza, namba ya vBIOS utaiona kwenye programu ya GPU-Z, au kwenye taarifa za mfumo ndani ya NVIDIA Control Panel. Iandike mahali.

SWALI: Shikamoo fundi. Kila nikiweka draiva mpya, baada ya siku mbili nakuta ya zamani imerudi, najiona kama nachanganyikiwa. Kuna programu nimeiona inasema inaapdeti madraiva yote kwa kubofya mara moja, niitumie?
Dada wa Rendaringi

JIBU: Marahaba. Huchanganyikiwi, ni Windows Update, ina draiva iliyopewa na mtengenezaji na inaiona ndo halali. Tafuta "device installation settings" kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ikikuuliza kama idaunlodi yenyewe programu za watengenezaji jibu hapana. Hiyo programu ya kubofya mara moja achana nayo, zinakisia, na zikikosea zinakosea kwenye vitu kumi kwa mpigo. Halafu kwa vile kazi yako ni kurenda, kama kadi ni ya NVIDIA chukua draiva ya Studio, iliyolenga kazi za ubunifu, badala ya Game Ready ya gemu, gemu bado utacheza.

SWALI: Kaka, nimeweka draiva vizuri haina alama ya njano ila gemu linatambaa. Task Manager inaonyesha GPU 0 iko asilimia 98, GPU 1 iko sifuri. Kadi yangu imekufa?
Konokono

JIBU: Haijafa, imelala. Hiyo 0 kwako ni grafiksi ndogo ya prosesa na ndo inabeba gemu lote, maskini. Laptopu hizi zinabadilishana kadi ili kutunza betri, NVIDIA wanaiita Optimus na ipo tangu 2010, sasa wakati mwingine haijui kwamba ulichofungua ni gemu. Ingia Settings, System, Display, kisha Graphics, liongeze gemu lako hapo ulipe utendaji wa juu, lifunge lifungue tena. Kama laptopu yako ina swichi ya MUX, ile ya kuruka grafiksi ndogo na kuiunga skrini moja kwa moja na kadi kubwa, iwashe unapocheza, utaristati lakini fremu zinaongezeka. Na kama unacheza bila chaja, usiniandikie tena kabla hujachomeka, betri haiwezi kutoa umeme wote ambao kadi inautaka, draiva haina kosa hapo.

SWALI: Nina laptopu ya GTX 1060, draiva mpya zinakataa kuingia zinasema hakuna kifaa kinachofaa. Nimeharibu nini?
Mzee wa Kadi

JIBU: Hujaharibu kitu mzee wangu. Kadi yako ni kizazi cha Pascal, walianza kutoka 2016, na NVIDIA walitangaza kwamba draiva za gemu kwa Maxwell, kizazi kilichotangulia, na Pascal zinaishia Oktoba 2025, baada ya hapo ni viraka vya usalama tu kila robo mwaka mpaka Oktoba 2028. Tafuta tawi la 580, yaani draiva zenye namba inayoanza na 580, ndo la mwisho kwako, liweke kwa usafi kama nilivyomweleza Mchezaji hapo juu, na gemu ulizonazo utaendelea kuzicheza kama kawaida.