Kabla ya kudai lami nene, ulizeni maji yatakwenda wapi

SWALI: Mimi ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, na nimo katika kamati ya wakaaji wa mtaa wetu. Tumeambiwa kwamba barabara kuu inayopita mbele yetu itapanuliwa kutoka njia mbili hadi nne. Lami ya zamani ilibomoka baada ya misimu miwili tu ya mvua. Katika mkutano wetu mtu mmoja alisema tudai lami ya sentimita 10 badala ya 5, na barabara itadumu. Mwingine alileta dumu la dawa ambayo, kwa maneno yake, ikichanganywa na udongo wetu mwekundu huufanya uwe jiwe, hata hakuna haja ya kununua kokoto. Kila mmoja ana barua yake na anaomba sahihi zetu. Tumuunge mkono yupi?

JIBU: Mama, msitie sahihi barua yoyote kati ya hizo mbili. Swali la unene wa lami huletwa kwangu na karibu kila kamati inayosikia kwamba barabara yake itatengenezwa, na kila mara nasikitika kuona watu wenye nia njema wakimaliza nguvu zao kudai kitu ambacho hakitawafaa, huku kile kilichoiua barabara ya kwanza kikibaki palepale bila kutajwa. Hata barua yako inataja mvua, inataja lami na inataja udongo, lakini haisemi popote maji ya mvua hiyo yalikuwa yakielekea wapi.

Watu wengi huamini kwamba lami ndiyo barabara. Lami ya sentimita 5 kazi yake ni kuziba maji yasipenye kutoka juu na kuyapa magurudumu mahali laini pa kupita. Uzito wa lori hupita hapo na kushuka kwenye tabaka la kokoto, kisha kwenye tabaka la changarawe lililo chini yake, na mwisho wake hutua kwenye udongo wa asili, ambao hauna pengine pa kuupeleka. Mskoti John Loudon McAdam alilisema jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, kabla lami haijawa kitu cha kawaida barabarani: mwenye kubeba msafara wote ni udongo wa asili, na ukitunzwa mkavu utabeba uzito bila kuzama. Miaka 200 imepita, mashine zimebadilika, lakini udongo haujabadilika.

Ukitaka kuhakikisha, nenda kwenye kipande cha lami ya zamani kilichobaki mbele ya duka lako, siku moja baada ya mvua kubwa. Tafuta mahali ambapo nyufa zimeshikana na kufanya vipande vidogo vidogo, zile ambazo mafundi huziita ngozi ya mamba. Simama kando, usubiri lori lililobeba mzigo lipite. Utaona maji mekundu yakiruka kutoka ndani ya nyufa kila gurudumu linapokanyaga, na jua likishatoka utakuta unga mwekundu umezunguka ufa. Unga huo ni msingi wa barabara unaotoka nje kidogo kidogo. Kila lori linapopita, chembe ndogo za udongo husukumwa juu pamoja na maji na kuacha uwazi chini, kisha lami hukosa pa kuegemea na kukatika. Lami ya sentimita 10 iliyowekwa juu ya tope la namna hiyo nayo hupinda kila lori linapopita, na nyufa zake huanzia upande wa chini, mahali pasipoonekana, zikapanda hadi juu. Mtakuwa mmelipia lami mara mbili ili kupata ugonjwa uleule uliochelewa kidogo.

Sisemi kwamba unene hauna maana. Ninachosema ni kwamba unene ni jibu la hesabu, na hesabu hiyo huanza na mambo mawili: nguvu ya udongo na idadi ya malori. Kuhusu malori, watu hudanganyika kwa kuhesabu magari yote kwa pamoja. Majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, katika jimbo la Illinois huko Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli iliyozidishiwa uzito kwa asilimia 20 hudhuru barabara karibu mara 2, na iliyozidishiwa maradufu hudhuru mara 16. Kwa hiyo teksi na mabasi madogo yanayojaza njia yenu asubuhi hayana hatia kubwa. Mwenye hesabu ni lori la shaba linaloelekea mpakani Kasumbalesa, tangi la asidi linaloelekea migodini, na lori la mchanga ambalo hakuna anayelipima. Mtu aliyewatajia sentimita 10 bila kuuliza ni malori mangapi yanapita kwa siku na yamebeba nini, hakufanya hesabu yoyote. Alitaja namba iliyo nzuri masikioni.

Kuhusu udongo, Lubumbashi ina mtego wake, nao hunasa hata watu waliosoma. Kazi za barabara hufanyika wakati wa kiangazi, na ni haki, kwa sababu mvua zetu huanza karibu na Novemba na kwenda hadi Machi au Aprili. Lakini udongo wa mwezi wa Agosti ni mgumu kama tofali lililochomwa. Mkandarasi hupitisha mashine, ardhi haitikisiki, wakubwa hufika kutazama, na kila mtu huridhika kwamba hapahitaji msingi mkubwa. Udongo huohuo ukinyonya maji mwezi wa Januari hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana katika jaribio la CBR, ambalo ndilo kipimo cha kawaida cha nguvu ya udongo wa barabara, sampuli hulowekwa majini siku 4 kabla ya chuma cha kupimia kudidimizwa ndani yake. Si ajabu udongo wa mfinyanzi kuonyesha namba nzuri ukiwa mkavu na kushuka chini ya asilimia 5 ukishalowa. Anayewaletea namba ya udongo mkavu anawaonyesha barabara ya Agosti, na ninyi mtaishi na barabara ya Januari.

Kuna na vichuguu. Katika nyanda zetu vichuguu vya mchwa hufikia urefu wa mita kadhaa, na udongo wake ni mfinyanzi laini kuliko wa pembeni, jambo ambalo wafyatua tofali wetu wanalijua vizuri sana. Tingatinga likisawazisha kichuguu, kwa macho hakuna tena tofauti, lakini chini ya barabara limebaki duara la mfinyanzi linalovimba likilowa na kunywea likikauka. Mahali hapo hapahitaji lami nene. Panahitaji kuchimbwa, udongo huo utolewe, changarawe ijazwe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi kama sentimita 20, kwa kiasi cha maji kilichopimwa. Tangu 1933, Ralph Proctor alipoonyesha huko Los Angeles kwamba kila udongo una kiwango chake cha maji ambapo hushikana vizuri kuliko viwango vingine, hakuna mwenye kisingizio cha kukadiria kwa macho.

Sasa nije kwenye upanuzi wenyewe, kwa maana hapa ndipo wakaaji wanapoumia zaidi. Barabara ya njia nne pamoja na njia za waenda kwa miguu huweza kufikia upana wa mita 20. Kipande chake cha mita 500 ni hektari 1 nzima iliyofunikwa. Mvua ya milimita 60 kwa saa, ambayo si ya ajabu kwetu katika dakika za kwanza za dhoruba, ikianguka juu ya kipande hicho, huleta takriban lita 167 za maji kila sekunde, yaani zaidi ya madumu manane ya lita 20, sekunde baada ya sekunde. Zamani sehemu ya maji hayo ilinyonywa na kingo za udongo na nyasi. Mkishapanua hayana pa kunyonywa. Na kwa kuwa mji wetu uko juu ya uwanda ambao sehemu nyingi ni tambarare, maji hayaondoki yenyewe kama katika mji wa milimani. Ni lazima mtaro uchimbwe kwa mteremko uliopimwa, hata kama ni wa sentimita 50 tu katika kila mita 100, na uendelee bila kukatika hadi mtoni au kwenye dembo, yaani bonde la majimaji, lenye nafasi ya kuyapokea. Mtaro unaoishia kwenye ukuta wa jirani ni bwawa refu lililowekwa kando ya msingi wa barabara. Nimeona mitaro ya zege iliyojengwa vizuri kabisa, imenyooka, imefunikwa, lakini mwisho wake ni uwanja wa mtu. Maji yalijaa, yakarudi nyuma chini ya lami, na barabara ikaanza kubomoka kutokea upande wa mtaro wenyewe.

Huyo mwenye dumu, nitamjibu kwa ukali, kwa sababu nimechoka kuwaona watu wa namna yake wakizunguka katika mitaa ya watu wenye shida. Kuimarisha udongo ni elimu ya kweli. Chokaa huubadilisha mfinyanzi kwa njia inayojulikana, saruji huushikanisha udongo wa kichanga, na Katanga hatukosi chokaa, kwa kuwa mawe yake yapo Kakontwe karibu na Likasi. Lakini hata chokaa haiwekwi kwa kubahatisha: maabara huchukua udongo wa mahali penyewe, hujaribu asilimia mbalimbali, huloweka sampuli, kisha husema kiasi. Mwenye dumu moja linaloponya udongo wa aina zote, bila kipimo, bila kokoto, anauza maneno. Mwombeni atengeneze matofali mawili kwa udongo wa mtaani kwenu, moja lenye dawa yake na jingine lisilo na kitu. Yaacheni yakauke wiki moja kivulini, kisha mtumbukize yote mawili katika beseni la maji hadi kesho yake. Jaribio hilo halichukui nafasi ya maabara, lakini matofali yote mawili yakigeuka tope, mtakuwa mmeokoa pesa. Na akikataa jaribio la beseni, hataweza kukubali lile la maabara.

Hasira yangu haiwaelekei wenye madumu peke yao. Mji wetu umezoea njia za mkato ambazo zina heshima kuliko dumu, na kwa hiyo zina hatari zaidi. Ipo ile ya kumwaga lami mpya juu ya iliyopasuka: nyufa za chini hupanda upya, na kila mara barabara huinuka hadi vizingiti vya nyumba vinabaki chini yake na mvua huingia sebuleni. Ipo ile ya kuweka lami kabla ya kuhamisha mabomba ya maji ya REGIDESO na nyaya za umeme za SNEL, kisha miezi michache baadaye mtaro unakatwa katikati ya lami mpya, unafukiwa kwa udongo uliolegea, na bomba linalovuja linalowesha msingi mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi. Ipo ile ya kuharakisha uzinduzi mwezi wa Oktoba na kuiacha mitaro kuwa sehemu ya pili ya kazi, ambayo pesa zake hazifiki. Zote tatu zina mzizi mmoja: kinachoonekana kwenye picha hulipwa kwanza, na kilichofukiwa hupunguzwa.

Kwa hiyo kamati yenu iandike barua yake yenyewe. Barabara za mjini na mifereji yake ziko mikononi mwa OVD (Office des Voiries et Drainage), ofisi iliyoundwa mwaka 1987 kwa kazi hiyo. Kama kipande chenu ni sehemu ya barabara ya taifa, itahusika pia Office des Routes. Ombeni kuonyeshwa mchoro wa mitaro hadi mahali maji yanapomwagikia, pamoja na kimo cha sakafu ya mtaro kutoka kipande hadi kipande. Ombeni majibu ya CBR ya udongo uliolowekwa, yenye kuonyesha kila shimo lilichimbwa wapi, na mwangalie kama mahali palipokuwa na vichuguu pamo. Ulizeni hesabu ya malori ilifanywa lini. Ulizeni mabomba yatahamishwa mwezi gani, na lami itawekwa mwezi gani, mjue kipi kinatangulia. Mkishapata hayo, unene wa lami utakuwa umeandikwa humo humo, na kama hesabu imetoa sentimita 10, basi ziwe 10.

Neno la mwisho ni lenu wenye maduka. Katika mitaa mingi niliyopita, mtaro wa zamani upo bado, umefunikwa kwa sakafu za zege ambazo wafanyabiashara walizimwaga ili wateja wavuke, na chini yake umejaa plastiki na mchanga. Kabla hamjaenda kwa meya, fungueni sehemu zilizo mbele ya maduka yenu mtazame, kwa sababu mhandisi wa ofisi mtakayoiandikia atawauliza jambo hilo kwanza, na atakuwa na haki.