Maswali ya Wasomaji: Kisukari na Kutembea Baada ya Kula

Swali: Nina miaka 54, nipo Ujiji, nina kisukari aina ya pili na natumia vidonge vya metformini tu. Kila Jumapili alfajiri natembea saa nzima mpaka Mwanga. Asubuhi kipimo cha sukari kinasoma 7 (mmol/L), lakini usiku baada ya ugali wa muhogo kinapanda hadi 13. Haya mazoezi yananisaidia nini?
*Mama wa Ujiji, Kigoma*

Jibu: Yanakusaidia, mama, ila kwa siku moja au mbili. Msuli uliofanya kazi huendelea kupokea sukari kwa urahisi kwa muda wa siku moja hivi, kwa wengine hadi mbili. Ukitembea Jumapili, ikifika Jumatano faida imekwisha, na wewe bado una siku nne za kusubiri. Ndiyo maana wenye kisukari hushauriwa wafikishe angalau dakika 150 kwa wiki, zigawanywe, na zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Hiyo 13 ya usiku ina sababu yake. Ugali wa muhogo ni wanga mtupu. Ukishaliwa hugeuka sukari, na sukari hiyo hufika kileleni ndani ya saa moja hadi moja na nusu. Kwako ndio wakati umekaa mkekani. Misuli ya paja na shavu la mguu ikianza kufanya kazi, huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako (homoni ya kuingiza sukari kwenye msuli) haifanyi kazi vizuri. Kwa hiyo mwendo ufuate chakula. Maliza kula, osha mikono, na kabla nusu saa haijaisha uwe umeanza kutembea. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Ukifanya hivyo baada ya milo mitatu, dakika 10 kila mara, kwa siku tano tu umeshapata zile 150.

Mwendo uwe wa kukuwezesha kuitikia salamu bila kukata pumzi, lakini kaswida ikushinde. (Kusimama kila nyumba kujuliana hali hakuhesabiki. Salimia huku unakwenda.) Mlima wa kutoka stesheni kupanda Mwanga uache kwanza. Anza na njia tambarare. Giza likiwa nene au mvua ikinyesha, zunguka uani au tembea sebuleni. Msuli haujui tofauti.

Najua vijiti vya kupimia ni ghali, basi tumia viwili tu. Jioni moja kula kama kawaida, kaa, upime zikipita saa mbili tangu uanze kula. Jioni ya pili kula chakula kilekile kwa kiasi kilekile, tembea dakika 15, upime wakati uleule. Lengo la wengi ni kubaki chini ya 10. Ikiwa hata kwa kutembea kipimo hakishuki, punguza ukubwa wa tonge, ongeza mboga za majani, na uwaoneshe kliniki namba zako zote mbili.

Swali: Natumia glibenklamidi, dawa ya kisukari. Nikimeza asubuhi na chai ya rangi, napanda baiskeli kwenda shamba. Ikifika saa nne natetemeka, natoka jasho la baridi, macho yanaona ukungu. Wenzangu wanasema ni jua. Niache kulima?
*Mkulima, Tabora*

Jibu: Jua la Tabora lina makosa yake, lakini dalili hizo zinafanana sana na sukari iliyoshuka. Glibenklamidi huliamuru kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Ukiongeza baiskeli na jembe (na jembe si zoezi jepesi), sukari inatumika kutoka pande mbili huku tumboni hamna kitu. Mama wa hapo juu anatumia metformini peke yake, na hiyo ni nadra kumfikisha huko. Wewe na wanaochoma insulini ndio mnaopaswa kuwa na tahadhari.

Usimeze kidonge kwa chai kavu. Kula kwanza: viazi, maharage, au uji mzito. Kama una kipimo, pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, kula kitu na usubiri kwanza. Mfukoni beba chupa ndogo yenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au asali.

Dalili zikianza, weka jembe chini hapohapo. Usijikaze umalize tuta. Kunywa ile sukari yote, au lamba kijiko kimoja kikubwa cha asali, kaa kivulini dakika 15. Kama kutetemeka hakujaisha, au kipimo bado kiko chini ya 4, rudia. Kikishatulia ndipo ule chakula. Karanga hazifai kwa kazi hii, mafuta yake huchelewesha. Soda isiyo na sukari nayo haifai kitu. Baiskeli uipande tu baada ya kichwa kukaa sawa.

Waambie unaolima nao: wakikukuta umezimia wasikutie asali mdomoni, itakupalia. Wakulaze ubavu na wakukimbize hospitali. Sukari inaweza pia kushuka usiku baada ya siku nzito ya shamba, hivyo usilale bila kula. Dawa usiipunguze mwenyewe. Nenda kliniki, eleza saa na dalili, wao watapanga kiasi cha dawa upya.

Na kwa kuwa uko Tabora: asali hapa ni dawa ya dharura. Kwenye chai ya kila siku ni sukari kama sukari nyingine.

Swali: Miguu imekufa ganzi. Naweza kutembea na malapa?
*Msomaji wa Isevya, Tabora*

Jibu: Hapana, wala peku. Kokoto utaikanyaga usihisi, na kidonda utakigundua kwa harufu. Vaa raba zilizofungwa na soksi za pamba. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kila ukivaa, kung'uta kiatu kisha ingiza mkono ndani upapase. Usiku kagua nyayo kwa kioo, na katikati ya vidole. Ukiona lengelenge au kidonda, acha kutembea na uende kliniki siku hiyohiyo.

Swali: Bibi yetu ana kisukari na magoti yanamuuma, hawezi kutembea. Afanyeje?
*Mjukuu, Gungu, Kigoma*

Jibu: Aketi kitini, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi tano, aushushe, abadilishe. Mara 10 kila upande. Halafu ainue visigino na vidole kwa zamu kwa dakika mbili. Arudie kila nusu saa anapokuwa amekaa, hasa baada ya kula. Akiweza, ainuke na kuketi mara tano akishika meza. Kiti kiegemezwe ukutani, kisiwe cha plastiki kwenye sakafu ya vigae, kinateleza.