Maswali ya Wastaafu: Afande amerudi nyumbani, anahesabu mayai

*Mzee wa Reli, shikamoo. Mume wangu amestaafu polisi mwezi wa tatu, baada ya kutimiza miaka 60. Tangu tuoane tumeishi kwenye kota, mara Mbale, mara Gulu, mara Nsambya, na miaka ya mwisho yeye alibaki huko peke yake, mimi nikaja Njeru kujenga. Nyumba hii nimeisimamia tofali kwa tofali. Shamba ni la mkono wangu: mboga za majani, yaani nakati na dodo, migomba kama 40, na kuku wa mayai. Sasa amerudi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anazunguka boma lote akikagua. Jioni ananiuliza trei ngapi za mayai zimetoka na pesa iko wapi. Wiki iliyopita alifyeka tuta zima la nakati akidhani ni magugu, akapanda mahindi kwa kamba, mistari imenyooka kama gwaride. Sikusema kitu, ila nililia jikoni. Juu ya hayo, rafiki yake amemshawishi ajiunge na chama cha historia Kampala, chenye maktaba pale Makumbusho. Kuna ada ya mwaka, na kuna nauli. Tuna mjukuu tunayemsomesha. Nimkatalie?*
*Mke wa Afande, Njeru*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye nakati. Nianzie hapo basi. Kama alifyeka kwa panga na hakung'oa, ondoa mahindi mawili matatu pale katikati utazame chini: vikonyo vya nakati bado viko hai. Mwagilia jioni, weka samadi kidogo iliyooza, na itachipua tena. Kama aling'oa, usingoje ajutie kwanza. Sia nyingine kando, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo panga halipiti.

Mimi nilikuwa gadi wa treni za mizigo. Niliingia reli 1973, nikatoka 2005, na sehemu kubwa ya ujana wangu iliishia kwenye njia ya Tororo kwenda Soroti, Lira, Gulu, hadi Pakwach. Kabla treni haijaondoka, gadi hutembea kwa miguu ubavuni mwake toka injini hadi mwisho. Anaangalia maungio, anahesabu mabehewa, anaandika namba zake daftarini, kisha anatundika taa nyekundu kwenye behewa la mwisho. Taa hiyo ndiyo stesheni masta wa mbele huitafuta kwa macho. Akiiona, anajua treni imefika nzima. Asipoiona, kuna mabehewa yamekatika na yamebaki njiani gizani, na hakuna treni nyingine itakayoruhusiwa nyuma yake mpaka yapatikane.

Nimekueleza yote hayo ili umwone mumeo vizuri. Asubuhi yangu ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi, nikavaa shati, nikafunga kamba za viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Hapakuwa na treni. Mwezi ule nilihesabu kila kitu nyumbani: vijiko, magunia ya mkaa, vipande vya sabuni. Mke wangu, Mungu amrehemu, alidhani namshuku wizi. Sikuwa namshuku. Nilikuwa nimepoteza zamu, na mikono ilikuwa ikitafuta cha kukagua. Afande wako miaka yote hiyo aliamkia paredi na kitabu cha matukio. Kitabu kimebaki kituoni, yeye amekuja na macho yake yale yale.

Kwa hiyo usimnyamazie tena. Machozi ya jikoni hayaoni, yeye anaona tu kwamba hakuna aliyelalamika. Polisi anaelewa makabidhiano kuliko mtu yeyote. Mkae mchana, siyo usiku mkiwa mmechoka, umtembeze shambani na umkabidhi kama anavyokabidhiwa kituo. Mboga na kuku ni zako, na mpaka ni pale. Mwambie wazi: "Baba wa watoto, hesabu ya mayai niliiweka ulipokuwa Gulu, na nitaendelea kuiweka. Mwisho wa mwezi nitakuonyesha daftari." Mwonyeshe kweli mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi asiulize.

Migomba mpe yeye yote 40. Ni kazi inayomfaa mtu wa kukagua. Kila shina linatakiwa liwe na watatu tu: mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu mdogo. Machipukizi mengine yote huondolewa, la sivyo yananyang'anyana chakula na mikungu inakuwa midogo. Shina 40 mara tatu ni 120, na idadi hiyo atataka kuihakiki kila wiki, nawe utapata utulivu. Majani makavu ayakate ayatandaze chini, mbali kidogo na shina lenyewe, maana matandazo yakibanana na shina yanawaficha fukusi. Kamba yake ya gwaride itamfaa akianza kupanda mipya: mita tatu kwa tatu kati ya shimo na shimo.

Sasa ile ada. Hapa nitakupinga, mama, na naomba unisikilize mpaka mwisho.

Chama anachokisema nadhani ni Uganda Society. Kilianza Entebbe mwaka 1923 kwa jina jingine, na mwaka 1934 kilianza kuchapisha jarida la Uganda Journal. Maktaba yake imo ndani ya jengo la Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira. Makumbusho yenyewe ni ya zamani zaidi, yalianza 1908, na jengo lile la Kitante lilifunguliwa 1954, mwaka ule ule Malkia wa Uingereza alipokuja kufungua bwawa lenu la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Mtu aliyelinda mali na watu Mbale na Gulu, akikaa kwenye meza ile na kusoma jinsi miji hiyo ilivyoandikwa na wageni, atakuwa na mengi ya kusahihisha. Na hapo ndipo roho yangu ilipo. Maisha ya kota za polisi, za jeshi na za reli katika nchi hii yalikwenda kwa Kiswahili: amri, mapenzi, ugomvi wa bombani, mazishi. Katiba iliporekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini sisi tulioishi ndani yake tumeandika kidogo mno. Wazee wa kota wanazikwa na mambo yao. Mumeo akinunua daftari la kurasa mia na kuandika kituo kimoja kila mwezi, kwa Kiswahili chake cha kota, atakuwa amefanya kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kukifanya badala yake.

Faida kubwa ya uanachama kwa mtu kama yeye ni kwamba kuna siku anayongojewa. Shamba halimngoji mtu kwa jina. Mgomba hauulizi kwa nini hukuja jana. Watu wanaokutana siku maalumu wanauliza, na mstaafu anapoulizwa hivyo anapiga pasi shati lake.

Masharti lakini yawepo. Ada na nauli zitoke kwenye pensheni yake, zisiguse mayai wala pesa ya mjukuu. Yeye alikuwa mtumishi wa serikali, ana kitu cha kila mwezi. Kampala ni kilomita 80 hivi toka kwenu, basi aende mara moja kwa mwezi, tarehe ijulikane, na usimwekee kazi siku hiyo. Siku nyingine yapo matembezi ya bei nafuu. Vukeni daraja tu hapo Jinja: katika stesheni ya zamani kuna makumbusho ya reli. Mimi nilikwenda na filimbi yangu mfukoni, nikakuta watoto wa shule. Mmoja aliniuliza kwa nini behewa la mwisho lina ndoano ya taa. Nilimweleza lile nililokueleza wewe juu ya taa nyekundu, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na wewe gadi ulikuwa unalala wapi?" Nilirudi Tororo jioni nikiwa bado namfikiria.

Akipenda ndege kuliko makaratasi, wapo NatureUganda, wenye matembezi ya kuangalia ndege na kuwahesabu. Kuhesabu tena, unaona. Mpeleke huko ukiwa naye mara ya kwanza. Wewe pia umestaafu ujenzi.

*Mzee wetu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mukono. Migomba yangu inageuka njano na kunyauka ikiwa na mkungu. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, nikikata moja ndani ina madoa ya kahawia. Nimekata mitatu kwa panga na bado inaendelea. Jirani anasema ni uchawi wa mpaka. Nifanyeje?*
*Mwalimu wa zamani*

Mwalimu, jirani yako amekosea, wewe hujarogwa. Dalili ulizozitaja ni za mnyauko wa bakteria, ule ambao Waganda wanauita kiwotoka. Nchini mwetu uligunduliwa kwanza mwaka 2001, na wilaya yenyewe ilikuwa hiyo hiyo yenu ya Mukono. Kata shina moja lenye dalili utazame: ukiona usaha wa manjano ukitoka polepole kwenye kidonda, ndiyo huo.

Kinachonisumbua katika barua yako ni lile neno "panga". Umekata mitatu kwa panga moja, na nadhani kati ya shina na shina hukulisafisha. Bakteria husafiri kwenye chuma. Njia nyingine ni wadudu wanaotua kwenye ua dume, ile nundu ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu, ndiyo maana kayinja, ile ndizi ya pombe, ilifagiliwa mapema kuliko matoke.

Fanya hivi. Usikate kitu kingine kabla moto haujawa tayari. Washa jiko la mkaa, uliweke pembeni ya shamba. Kila shina lenye ugonjwa likate chini kabisa, usawa wa udongo, kisha choma panga motoni mpaka lisishikike kwa mkono, ndipo uende kwenye shina linalofuata. Huna haja ya kung'oa kitita chote, maana mara nyingi machipukizi mengine ya shina lile lile hayajaambukizwa. Lakini rudi kila wiki, na kila lenye dalili liondoke siku hiyo hiyo. Ulichokata kirundike mahali pamoja, mbuzi asikiburute kukipeleka kwa wenzako.

Kwa migomba mizima, tafuta kijiti kirefu chenye panda. Chana la mwisho likishajitokeza, shika ua dume kwa panda hiyo, zungusha, livunjike lenyewe. Usitumie kisu. Nilifundishwa na mwanamke mmoja wa Kayunga, alifanya shina baada ya shina huku akiongea nami bila hata kutazama juu, na kila ua lilidondoka kwa mlio mdogo kama wa kuvunja bamia. Kazi ya nusu saa kwa wiki. Machipukizi ya kupanda usiombe kwa jirani yeyote mpaka umelikagua shamba lake kwa macho yako, na mfanye kazi hii naye pamoja, kwa sababu ukisafisha peke yako wadudu hawajui mpaka.

*Nilikuwa mpishi wa kampuni, nimetimiza 55 na NSSF wamenilipa changu chote. Vijana wangu wawili wanataka kila mmoja pikipiki ya boda. Nikubali?*
*Mpishi, Tororo*

Ndugu yangu wa mji wangu, tofauti yako na yule Afande wa Njeru ni hii: yeye kila mwezi kuna kinachoingia, wewe umepewa mara moja na mwezi ujao hakuna kitu. Paa la nyumba yako kwanza, na akiba ya matibabu yako na ya mkeo iwe benki au kwenye SACCO unayoijua, vijana wasijue kiasi.

Hati zako zote toa kopi tatu, moja ikae kwa mtu nje ya nyumba. Faili langu lilipotea katika ofisi moja nikapanda ngazi zile miezi 14, na kilichoniokoa ni kopi aliyokuwa nayo dada yangu Malaba.

Pikipiki nunua moja, kadi iandikwe jina lako, ufunguo ulale kwako. Wapeane zamu, mmoja asubuhi, mmoja jioni, na kila Jumamosi walete hesabu. Ya pili tuzungumze baada ya miezi sita ya Jumamosi hizo.