Domeini kuwa wazi sio kwamba jina ni lako

Wanaoanza kununua domeini, yani jina la anwani ya tovuti, huwa wananiuliza sana hili, kama jina lina mwenyewe mbona nimelipia na limekubali? Sasa jamani, anayekuuzia domeini anaangalia kitu kimoja tu, imeshachukuliwa au bado, mambo ya alama ya biashara hayamhusu, na kwenye yale masharti uliyoyakubali bila kusoma imeandikwa kabisa kwamba wewe ndo umethibitisha hulitumii kuvunja haki za mtu mwingine.

Kwa hiyo mimi kabla ya kulipia lazima nipite kwenye Global Brand Database, kanzidata ya alama za biashara ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ni bure, natafuta jina lenyewe halafu natafuta na ndugu zake, yani linavyotamkwa, herufi ikizidi au ikipungua, likiwekewa kistari katikati. Usijidanganye kwamba ukibandika "shop" au "online" mbele ya jina la kampuni ndo umeponea, kinachoangaliwa ni kama linafanana kiasi cha kuwachanganya watu.

Maneno ya kawaida ya kamusi hayo yana nafuu, ila inategemea unayafanyia nini. Apple ni tunda, ukiuza matunda kwa jina hilo una hoja, ukianza kutengeneza simu na kompyuta hapo umejitafutia kesi mwenyewe.

Hata jina lako la kuzaliwa halikuokoi kirahisi. Kuna kijana wa Canada anaitwa Mike Rowe, 2003 akiwa bado mwanafunzi alisajili MikeRoweSoft.com, isome kwa sauti utaelewa kwa nini Microsoft walikuja juu. Wakampa ofa ya dola 10, yeye akataka 10,000, na wanasheria wakaishika hiyo hiyo bei kama ushahidi kwamba alichukua jina ili awakamue. Mwaka uliofuata wakamalizana nje, akaliachia, akapewa pia Xbox, ile mashine ya kuchezea gemu, ila sio kila mtu anaondoka na Xbox.

Hapa ndo wageni wengi wanaponasa. Chini ya UDRP, utaratibu wa tangu 1999 wa kutatua migogoro ya domeini wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, mlalamikaji anatakiwa athibitishe vitu vitatu, jina linafanana na alama yake, wewe huna haki nalo, na umelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ukimwandikia mwenye alama "nipe hela nyingi nikuachie" umemwandikia hicho cha tatu kwa mkono wako. Na ule ukurasa wa matangazo unaowekwa ukiiacha domeini haina kitu, ukionyesha matangazo ya washindani wake unahesabiwa ni wako hata kama hukuuweka wewe.

Kesi ikifunguliwa una siku 20 za kujibu, ukikaa kimya waamuzi wanaamua kwa walichonacho, na domeini inahamishwa au inafutwa. UDRP haitoi fidia, ila mahakama za Marekani zinaweza, kuanzia dola 1,000 mpaka 100,000 kwa kila domeini, sasa piga hesabu na ile faida uliyokuwa unaiota.

Ukipata barua ya wanasheria usijibu kwa hasira usiku huo huo, na usitaje bei. Hifadhi tarehe uliyosajili na kazi uliyokuwa umeshaanza kuifanya kwa hilo jina, mpelekee mtu anayezijua hizi sheria, na kama ulilichukua kweli kwa kuvizia brandi ya watu, liachie mapema kabla hawajalipia kesi.